Koili ya Shingoni

"Hiyo usiifungue."

Fundi alisema bila kuinua macho, lakini kiganja chake kilikuwa kimeshalifunika gitaa kabla bisibisi ya mkewe, Mashoto, haijagusa skrubu.

"Kwa nini nisiifungue?"

"Haina tatizo."

"Tangu lini wewe ukaacha kitu kwa sababu hakina tatizo? Juzi jirani kaleta redio ibadilishwe betri, ukaifungua mpaka spika."

Yule mteja akacheka. Akacheka, tena akiwa amekalia stuli ya Mashoto, mguu juu ya mguu, kama vile stuli ile alitandikiwa yeye.

"Wifi ana maneno!" akasema.

Wifi! Mume wa Mashoto hakuwa na dada hata mmoja, huyu uwifi kautoa wapi?

Chumba kilikuwa kimoja, kazi mbili. Upande wa mlangoni mume alitengeneza magitaa. Upande wa dirishani mke alisuka mota, yaani kuzizungushia upya waya wa shaba: za feni, za pampu, za mashine za kusaga. Kazi hiyo aliachiwa na marehemu baba yake, na kwa kuwa kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, jina lake halisi watu walishalisahau. Mashoto. Hata mumewe alimwita hivyo, tena kwa mapenzi.

Mteja alikuwa mwimbaji, na mtaa mzima ulimwita Sauti. Aliingia Jumatatu na sanduku jeusi, akalifungua juu ya meza. Ndani lililala gitaa la umeme, bluu iliyokolea, na nyuma ya kichwa chake limegongwa namba 23/60.

"Yalitengenezwa sitini tu," Sauti alieleza siku hiyo. "Hili ni la ishirini na tatu. Kiwanda chenyewe kilishakufa. Nimepata mnunuzi, mzee anayeyakusanya, ila anataka karatasi ya fundi inayosema ndani mna nini na kama vyote ni vya kiwandani. Anakuja Jumamosi."

Alipoondoka Mashoto aliuliza, "Mnafahamiana?"

"Mteja mpya tu," Fundi akajibu, akajishughulisha na kutafuta koleo lililokuwa mkononi mwake.

Wivu, ndugu zangu, haungoji kualikwa. Kazi ya siku moja iligeuka ya siku nne. Jumanne walilipima uzito kwa mizani ya Mashoto ya kupimia waya. Jumatano walihesabu freti, vile vyuma vyembamba vya kwenye shingo, wakapima unene wa shingo, wakafungua bamba la nyuma na kukuta rangi ya mwanzo ambayo haijaguswa na jua. Kila wakigundua kitu, Sauti anapiga makofi. Na Fundi! Fundi ambaye kubadilisha shati ni mpaka agombezwe, asubuhi ile alipiga pasi shati la kazini. Shati la kazini, jamani!

Sasa ilikuwa Alhamisi, na zilibaki koili mbili tu, vile visanduku vilivyo chini ya nyuzi vinavyonasa sauti. Kimoja kipo nyuma, kingine karibu na shingo. Mashoto alishika mita ya kupimia ukinzani wa waya, akapima.

"Ya nyuma, saba na nusu. Ya shingoni, nane na kitu. Wewe si ulisema kiwandani zilisukwa sawa?"

"Ni joto la humu ndani," Fundi akasema.

"Joto linachagua koili moja?"

"Tena ukiziwasha zote mbili kwa pamoja," Sauti akadakia, "linatoa sauti nyembamba, kama mtu anayeimbia puani. Hiyo ndiyo iliyomtia mzee wazimu! Amesikia mengine matatu katika yale sitini, hayana sauti hiyo. Anasema lazima hili lilikuwa la majaribio."

Fundi aliinama kwenye karatasi akaandika upesi: *Koili zote mbili: za kiwandani.*

Mashoto aliyasoma maneno hayo juu ya bega lake. Waya wa shaba alikuwa amelala nao na kuamka nao tangu ana miaka kumi. Joto halifanyi vile.

Sauti aliondoka mchana. Fundi akatoka kwenda kununua nyuzi mpya, akaisahau simu mezani. Simu ikalia ting! Ujumbe wa Sauti ukajitokeza wenyewe kwenye kioo, wala Mashoto hakuugusa:

*"Asante kwa leo. Mikono yako haijabadilika hata kidogo."*

Haijabadilika! Mteja mpya anajuaje mikono ya zamani? Akampigia dada yake.

"Dada, mume wangu ananizunguka."

"Nani kakwambia?"

"Simu yake imeniambia. Na huyo mwanamke ananiita wifi."

"Anakuita wifi? Basi huyo ndiye mwizi mwenyewe! Wewe umefanya nini?"

"Bado."

"Umeangalia nini kingine?"

Mashoto aligeuka akalitazama gitaa. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuwa ameangalia.

"Subiri kwenye simu, dada."

Akachukua bisibisi. Skrubu mbili, kifuniko cha koili ya shingoni kikatoka. Koili yenyewe ilibaki mahali pake, waya wake mwembamba kuliko unywele umezungushwa kuelekea upande ambao mafundi wengine hawauelekei. Na mwishoni palifungwa uzi wa kijani, mafundo matatu, umechovywa vanishi.

"Mdogo wangu? Upo?"

"Dada... hii koili nimeisuka mimi."

"Unasemaje?"

Akakata simu.

Miaka minane nyuma kijana mmoja aliingia karakana ya baba yake na koili iliyokatika, ameifunga kwenye leso. "Ni ya mzee mmoja, mteja wangu," alisema. "Kila mtu amekataa, waya mwembamba mno." Mashoto aliisuka siku mbili, akaifunga kwa uzi wa kijani kama alivyofundishwa na baba. Kijana akaichukua. Kesho yake akarudi na swali. Keshokutwa na feni nzima kabisa, haina ugonjwa wowote. Alirudi mara tisa, na mara ya tisa alileta posa. Hadithi hiyo waliisimulia kila shughuli, na watu waliipenda: koili ndiyo iliyowaunganisha.

Kumbe koili ilikuwa ya Sauti. Kumbe yeye, Mashoto, alikaa siku mbili akiumiza macho ili mwanamke mwingine apigiwe gitaa. Kama mwanzo wao ulikuwa uongo, miaka hii yote alikuwa ameolewa na nani?

Alirudisha kifuniko, akakaza skrubu. Dada yake akatuma ujumbe: *"Usimuulize leo, atakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ngoja Jumamosi, mbele ya watu."*

Akangoja. Ijumaa alipika, akafua, akaitikia "abee" alipoitwa. Fundi akamuuliza mara mbili kama anaumwa.

"Meno," alisema.

Jumamosi asubuhi mnunuzi alifika, mzee wa miwani mizito na sauti ya upole. Sauti alikuja naye, amependeza kupita kiasi.

"Shikamoo, mzee," Mashoto akasema.

"Marahaba, mama. Ndiyo hiyo karatasi?"

Mzee akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Uzito. Mbao. Freti ishirini na mbili. Rangi ya mwanzo. "'Koili zote mbili, za kiwandani.' Vizuri sana. Sasa fundi, nitilie sahihi yako hapa."

Fundi akashika kalamu.

"Tia," Mashoto akasema. "Tia sahihi, mume wangu. Lakini kwanza mwambie mzee koili ya shingoni ni ya kiwanda gani."

Kalamu ikasimama.

"Mashoto..."

"Kiwanda cha marehemu baba yangu? Kile cha bati mbovu, chenye kuku mlangoni? Mzee, hiyo koili nimeisuka mimi kwa mkono huu. Fungua utakuta uzi wa kijani, mafundo matatu."

Sauti akasimama. "Haiwezekani! Gitaa hili nimelinunua jipya, halijawahi kutengenezwa. Ilikuwa siku moja tu, waya ulilegea, na yeye ndiye aliyeukaza!"

Alipomaliza kusema ndipo akajiziba mdomo.

"Aah," Mashoto akasema. "Mteja mpya."

Fundi aliweka kalamu chini. Jasho lilikuwa limelowesha shati lile la pasi.

"Waya haukulegea," alisema. "Ilikuwa ni mimi. Bisibisi iliniteleza, nikakata koili. Sauti, wakati ule mimi na wewe... nilikuogopa. Lilikuwa gitaa lako la kwanza la maana. Nikasema waya umelegea, nikaondoka na koili mfukoni kutafuta wa kuisuka."

"Ukanidanganya miaka minane?" Sauti akasema.

"Hata mimi!" Mashoto akapiga meza. "Uliniambia ni ya mzee! Nikakusukia bure, maana ulisema mzee hana kitu! Kumbe unakwenda kumfurahisha mpenzi wako, na ulipoachwa ndipo ukakumbuka kuna mjinga anayesuka mota. Mimi ndiyo makombo yaliyobaki, sivyo?"

"Sikuachwa."

"Uliniacha wewe?" Sauti akauliza taratibu. "Uliniambia ni kwa sababu ya safari zangu."

Fundi alilivuta gitaa, akalegeza nyuzi, akafungua skrubu moja moja. Mzee wa miwani alisogea karibu. Safari hii Fundi hakuishia kwenye kifuniko. Aliinyanyua koili yote kutoka kwenye shimo lake, uzi wa kijani ukaonekana, akaiweka pembeni.

"Mashoto, mimi kila gitaa ninalofungua huwa naandika nini ndani?"

"Tarehe. Kwa penseli."

"Soma."

"Sisomi upuuzi wako."

"Soma, nakuomba. Hii ndiyo iliyonifanya nikuzuie bisibisi. Niliogopa Sauti aisome, na niliona aibu wewe uisome. Nikafunika tena, kama kawaida yangu."

Mashoto alichukua tochi ya kazini, akaimulika chini ya shimo, kwenye ubao mtupu usiopakwa rangi. Mwandiko ulikuwa wa mumewe, ule wa kuegemea. Palikuwa na tarehe, ya siku ileile aliyoichukua koili. Chini yake palikuwa na mistari miwili:

*Imesukwa na msichana wa mkono wa kushoto.*
*Nitarudi kwake hata bila koili.*

Mashoto alisoma tena, kisha mara ya tatu.

Sauti alichungulia juu ya bega lake. Akasoma. Uso wake ukabadilika, na wivu wote uliokuwa umemkaa Mashoto kifuani tangu Jumatatu ukaonekana umehamia kwa mwenzake.

"Miaka minane," Sauti akasema, "nimekuwa nikiimba juu ya maneno yaliyoandikiwa mwanamke mwingine."

"Ulimtumia ujumbe mume wangu kuhusu mikono yake," Mashoto akamwambia. "Nimeuona."

"Nilikuwa natania."

"Usitanie tena."

"Sitatania," Sauti akajibu, na safari hii hakumwita wifi.

Mzee wa miwani akakohoa. "Samahanini. Mama, ulipoisuka, ulizungusha kwa mkono wa kushoto?"

"Mimi mkono mwingine sinao, mzee. Huu wa kulia ni wa kushikia kikombe."

"Basi ndiyo hiyo!" mzee akapiga paja. "Koili moja inakwenda huku, nyingine kule, zikiwashwa pamoja zinabishana, ndipo inatoka sauti ile nyembamba. Mwaka mzima nimewaandikia watu kuwauliza kiwanda kilifanya nini kwenye la ishirini na tatu. Kumbe ni mkono wako! Yale hamsini na tisa hayanao. Fundi, chana hiyo karatasi. Niandikie ya kweli, nitalichukua."

Fundi akachana. Akaandika upya polepole, na alipofika kwenye koili akamtazama mkewe.

*Koili ya nyuma: ya kiwandani. Koili ya shingoni: niliikata mimi kwa bisibisi, nikaficha. Imesukwa upya na mke wangu, Mashoto.*

Akatia sahihi.

"Nina swali moja," Mashoto akasema, bado amenuna. "Kama ulikuwa umeshanichagua, shati ulimpigia nani pasi?"

Fundi akaangalia chini. "Nilitaka aone kwamba nilikokwenda sikuharibikiwa."

"Hukuharibikiwa, na anayepiga pasi nyumbani kwako si wewe. Kalivue. Na siku nyingine bisibisi ikiteleza, uje kwangu kwanza, kabla ya leso na mzee wa uongo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Husikii wewe. Nenda."

Fundi akaenda nyuma ya pazia kuvua shati, kichwa chini, lakini mabega yameshuka kama mtu aliyetuliwa gunia. Mashoto akavuta stuli yake, akaikalia mwenyewe. Kabla hajairudisha koili shimoni, alichukua penseli kwenye ukingo wa meza pale mumewe alipozoea kuiweka, akainama juu ya gitaa, na chini ya ile mistari miwili akaongeza wa tatu, kwa mkono wa kushoto:

*Alirudi. Mara tisa.*

Kisha akairudisha koili, akaifunika, akakaza skrubu zote na nyuzi, akamkabidhi mzee gitaa lake.