Daftari la Kumi na Mbili

Fundi Goti alikutwa amelala chali kando ya meza yake ya kazi, damu imeganda chini ya kisogo, macho yakitazama dari. Mguu wake wa kulia, ule wa bandia aliojitengenezea mwenyewe, ulikuwa umekunjika vizuri kwenye goti kama mguu wa mtu aliyejipumzisha.

Aliyemkuta alikuwa mwalimu wa hesabu. Alifika Ijumaa saa mbili asubuhi kupimwa mguu mpya.

"Uligusa kitu?" Inspekta alimuuliza.

"Mkono wake tu. Ulikuwa baridi."

"Na mlango?"

"Ulikuwa umerudishwa, haukufungwa."

"Ana ndugu?"

"Binti yake yuko ng'ambo. Halafu kuna jirani, yule mzee wa ukuta wa pili. Wengine ni sisi wateja, na sisi tunakuja tukiwa na shida."

Inspekta alichuchumaa. Alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, mpole wa sauti, na wahalifu wengi walikuwa wameponzwa na upole huo. Kwenye kona ya jiliwa, lile koleo kubwa la chuma lililofungwa mezani, palikuwa na damu na nywele mbili za mvi. Ngumi ya kushoto ya marehemu ilikuwa imekaza. Aliifungua taratibu. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi ya miraba, kona iliyochanwa.

"Afande, njoo uone," Sajini aliita kutoka kwenye rafu. "Huyu marehemu alikuwa na mpangilio kuliko kituo chetu."

Madaftari yalikuwa yamesimama kwa safu, yameandikwa namba migongoni. Moja mpaka kumi na moja. Baada ya hapo palikuwa na pengo lisilo na vumbi.

Sajini alifungua la kumi na moja. Kila ukurasa ulikuwa na mchoro wa goti, maelezo, tarehe, na sahihi mbili chini yake: ya Fundi, na nyingine ya duara, safi, iliyoandikwa "shahidi."

Mfukoni mwa marehemu walipata karatasi ya namba ya foleni kutoka Ofisi ya Hataza, wanakosajili haki za wabunifu, ya jana yake, saa nne asubuhi.

Daktari wa uchunguzi alipiga simu adhuhuri. "Fuvu limepasuka. Amekufa jana alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Lakini sikiliza, Inspekta. Hakufa papo hapo. Alikaa saa nzima akipumua, pengine zaidi. Angewahishwa, huenda tungemwokoa."

*

Jirani alikuwa mzee mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mtaani walimwita Karani.

"Karibu, mwanangu, karibu. Keti hapa, kile kiti kina mguu mbovu. Chai?"

Aliulizwa swali moja, akajibu matatu. Akaeleza habari za paa lake, za mgongo wake, za mkewe aliyefariki miaka ishirini iliyopita. Inspekta aliijua hali hiyo. Tangu abaki mjane, yeye mwenyewe alikuwa na mazoea ya kurefusha maongezi na muuza magazeti.

"Sahihi ya shahidi ni yako?"

"Yangu. Kila Ijumaa saa kumi alikuwa akinigongea. Naingia, ananionyesha alichobuni wiki hiyo, nasaini. Baada ya hapo tunakaa, tunaongea. Miaka kumi na tisa, mwanangu."

"Kwa nini wewe?"

"Nilikuwa karibu."

"Ulifanya kazi gani kabla hujastaafu?"

"Ukarani wa serikali. Kupiga mihuri, kupanga majalada. Sheria za hao wabunifu mimi sizijui, nilikuwa nasaini tu."

"Jana alasiri?"

"Nililala. Uzee huu."

*

Msajili wa hataza alimkumbuka Fundi vizuri.

"Alikuja na begi la michoro, anataka hataza ya goti lake," alisema. "Nilitafuta kwenye kumbukumbu, nikakuta goti la namna hiyo hiyo limekwisha kuombewa na kampuni moja. Miezi minne iliyopita."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema hilo si tatizo, yeye ana madaftari ya miaka kumi na tisa yenye tarehe na shahidi. Ikabidi nimweleze." Msajili alishusha pumzi. "Zamani, watu wawili wakibuni kitu kimoja, tulikuwa tunauliza nani alianza kubuni. Daftari lenye shahidi lilikuwa silaha. Miaka miwili iliyopita sheria ikabadilika. Sasa tunauliza nani alianza kuleta maombi. Ukiwa na kitu nyumbani na hujakileta, mwenzako akikutangulia hata kwa siku moja, ni chake."

"Na goti lake lilikuwa tayari tangu lini?"

"Alisema miaka mitatu. Alikuwa analiboresha tu. Kwa sheria ya zamani hakukuwa na haraka."

Sajini aliingilia. "Basi kampuni imeliiba daftari ili kuficha ushahidi!"

"Ushahidi wa nini?" Msajili alimuuliza. "Daftari lingewatisha kama wangekuwa wamemwibia wazo. Hilo sheria bado hairuhusu."

Wakaenda kumwona mhandisi wa ile kampuni. Alikuwa dada wa makamo, macho mekundu kwa kuchoka. Alhamisi nzima alikuwa mkutanoni na watu ishirini. Sajini alihakikisha kwa wanne. Aliwatolea faili zake za miaka mitatu, na ndani yake mlikuwa na makosa yote anayofanya mtu anapotafuta njia peke yake. Alipoonyeshwa picha ya mchoro wa Fundi, aliitazama muda mrefu.

"Sikujua kuna mtu mwingine," alisema. "Ningemtafuta. Sina mtu wa kuongea naye habari za goti."

Hakuwa mwizi. Inspekta alirudi kwa Msajili na swali moja tu.

"Ulipomweleza kuhusu sheria mpya, alisema nini cha mwisho?"

"Kwamba haiwezekani, angeambiwa. Kisha akatoka. Nilikuwa sijamaliza hata. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu aliyekuwa akitengeneza kitu tangu zamani aendelee kukitengeneza karakanani kwake. Wateja wake asingewapoteza."

"Angeambiwa na nani?"

"Hakusema."

Inspekta alimwekea daftari la kumi na moja mbele yake, akalifungua. Msajili alivaa miwani. Kidole chake kikasimama juu ya ile sahihi ya duara.

"Hii naijua. Imo kwenye kila jalada humu ndani. Ni ya karani wetu wa mapokezi. Amestaafu mwaka jana."

"Kwa hiyo sheria ilipobadilika alikuwepo?"

"Kuwepo? Tangazo lililobandikwa pale mlangoni, yeye ndiye aliyelipiga muhuri."

*

Karani alifungua mlango kabla hawajagonga. Kwa nukta moja uso wake ulifurahi.

"Umerudi, mwanangu."

"Nimerudi, mzee. Ulisema sheria za wabunifu huzijui."

Furaha ilizimika. Aliketi kwenye kiti kile kibovu.

"Daftari liko wapi?"

Alionyesha kabati. Sajini alilitoa chini ya mashuka. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umechanwa kona. Inspekta akaulinganisha na kipande cha mkononi mwa marehemu, kikakaa barabara. Kwenye ukurasa huo Fundi alikuwa ameandika kwa hasira, kalamu karibu itoboe karatasi: *Shahidi wangu alijua, akanyamaza.* Nafasi ya sahihi ilikuwa tupu.

"Alikuja kunichukua yeye mwenyewe," Karani alisema. "Alhamisi, saa tisa. Nikajua kumeharibika, maana haikuwa siku yake. Kule karakanani akaandika hayo, akanipa kalamu. Saini, akasema. Umesaini kila kitu, saini na hili."

"Ukakataa."

"Nililinyakua. Akavuta, nikavuta, kisha nikamsukuma. Mguu ule haukumsaidia kurudi nyuma."

"Alikuwa anapumua?"

Karani aligeukia ukuta.

"Mzee. Alikuwa anapumua?"

"Alikuwa anapumua. Ananitazama."

"Kwa nini hukuita mtu?"

"Nimwite nani, mwanangu? Mtu niliyekuwa namwita ni yeye." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na niliogopa. Angepona, angesema. Nilikaa hapa nikasikiliza ukutani. Alikuwa akigonga chini kwa mkono. Halafu akaacha."

Sajini aliacha kuandika. Inspekta alimwashiria aendelee.

"Kampuni ilikulipa?"

"Hata siijui."

"Ulimwonea wivu?"

"Wivu wa nini? Nilimpenda yule bwana."

"Basi kwa nini, miaka miwili, hukumwambia neno moja? Peleka maombi. Maneno mawili tu!"

Karani aliongea kwa sauti ya mtu anayeona aibu kuliko anayeogopa.

"Siku ile nilipolipiga tangazo muhuri, nilipanga kumwambia Ijumaa. Ijumaa ikafika, akanigongea. Nikafikiri: nikimwambia, shahidi hatakiwi tena. Hatakuwa na sababu ya kunigongea. Nikasema, wiki ijayo. Mwanangu, mimi kwa wiki nzima nilikuwa nafunguliwa mlango mara moja. Kila Ijumaa nilisema wiki ijayo."

"Angekuja tu, mzee. Mlikuwa marafiki."

"Labda," alisema. "Sikuwahi kumuuliza."

Aliyasaini maelezo yake bila kuyasoma, akavaa koti, akazima jiko. Alinyoosha mikono apate kufungwa pingu. Inspekta akazifunga mbele, si nyuma. Wakatoka. Hakuna jirani aliyechungulia. Garini Karani alikaa wima, magoti pamoja, mpaka kituo kikaonekana mbele.

"Afande," aliuliza polepole, "huko mahabusu, kuna watu?"

"Wamo tisa," Inspekta alimjibu.

Mzee alijitengeneza kola ya shati kwa mikono yake iliyofungwa, kama mtu anayekwenda kutambulishwa kwa wageni.