Maneno Matano ya Mwanga

Sinia la shaba liliacha kung'aa siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, mbele ya wanafunzi ishirini na sita.

Mwalimu alikuwa na desturi yake: hakufundisha neno la Kiingereza bila kitu mkononi. Alisema neno lisilo na kitu ni kama jina la mtu usiyemjua. Unalisikia leo, kesho limekutoka. Wiki ile somo lilikuwa maneno ya mwanga, kwa maana Waingereza wana neno lao kwa kila namna ya kung'aa, na mitihani hupenda kuyauliza. Katika daftari lake yalikuwamo maneno matano, na ubavuni mwa kila neno, kitu cha kulionyesha. *Gleam*, sinia lililosuguliwa. *Glitter*, mtandio wa vipande vya kumetameta. *Glow*, kaa la moto. *Shimmer*, maji ya beseni juani. La tano lilikuwa *twinkle*. Hilo ni la nyota, na nyota hazibebwi kupelekwa darasani, ila hutumika pia kwa macho ya mtu mwenye furaha. Orodha ile aliiandika mwaka uliopita, mkewe angali hai, na ubavuni mwa neno la tano aliandika: macho ya mwanangu.

Basi akaliinua sinia dirishani, jua likalipiga, akaandika neno ubaoni. Alipoweka chaki chini alisikia pumzi fupi karibu na sikio lake, *fuu*, kama ya mtu anayezima utambi. Sinia likafifia. Halikuwa na doa wala vumbi. Lilikuwa safi, na jua lilikuwa juu yake, na halikurudisha chochote.

"Mwalimu, sinia limekata roho," alisema kiranja, binti mwenye ulimi.

"Limesikia Kiingereza chako," mwenzake akamjibu kutoka nyuma. Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu naye alicheka, kwa meno tu. Pua yake ilikuwa imenasa harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi, na harufu ile aliijua.

Jumanne ilikuwa zamu ya mtandio. Ulikuwa wa marehemu mkewe. Pumzi ilipita, na vile vipande vikawa kama magamba ya samaki aliyesahauliwa juani. Jumatano alileta kaa jekundu ndani ya karai. Alipomaliza kuandika neno, kaa likawa jeusi. Akadhani limezimika, akaligusa, na ngozi ya kidole chake ikabaki pale. Joto lilikuwamo lote. Kilichochukuliwa ni mwanga peke yake. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake na bintiye wa miaka tisa, ambaye walimwita Chiriku kwa sababu zamani mdomo wake haukupumzika. Tangu mama yake afariki, miezi minane sasa, Chiriku alisema akiulizwa tu. Na kila mtu alidhani anajua kwa nini. Mama yake alikuwa mgonjwa, naye alilala kandili ikiwaka, ili akiamka kwenda uani aone ngazi. Kujaza mafuta ilikuwa kazi ya Chiriku kila jioni. Asubuhi moja walimkuta mgonjwa chini ya ngazi, amekwisha kuwa baridi, na kandili kavu kama mfupa.

"Mtoto alisahau mafuta," Mwalimu aliwaambia waliokuja kuhani. Nao walisema mtoto ni mtoto, na siku ya mtu ikifika imefika. Lakini bibi yake hakuweza kuumeza uchungu wote. Ulikuwa ukimponyoka.

"Mlango umefunga, Chiriku? Au na huo umeusahau?"

"Nimefunga, Bibi."

Mwalimu alikuwa akiyasikia maneno hayo, akiinamia sahani yake na kuendelea kutafuna.

Alhamisi hakubeba beseni. Aliwaambia wanafunzi wasome habari nyingine, akarudi nyumbani adhuhuri. Alimkuta mama mkwe ameinama uani juu ya nguo, mikono yake imesimama majini.

"Mkwe," bikizee alinong'ona, "hebu njoo uyaone maji haya."

Jua lilikuwa utosini. Beseni lilikuwa limejaa pomoni. Maji yalikuwa yamelala humo kama ngozi kavu, bila hata chembe ya mng'ao, na Mwalimu alipoinama hakuuona uso wake.

"Nimemwaga mara tatu. Nikiteka mengine, ni yale yale."

"Umesikia kitu, mama?"

"Mtu kanipuliza. Hapa, shingoni." Akatazama huku na huku. "Nikageuka, hakuna mtu."

Mwalimu aliingia ndani akalitoa daftari, akaichana ile karatasi ya maneno matano, akaichoma jikoni na kuyaponda majivu yake kwa kisigino, kisha akaketi mkabala na binti yake akiyatazama macho yake, akiyatazama alipokula, akiyatazama alipofanya hesabu zake za shule, akiyatazama alipopiga miayo, akimwomba Mungu kimoyomoyo yabaki kama yalivyo, huku akijua kwamba ombi lake lina tundu, na kwamba tundu hilo amelitoboa kwa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa asubuhi Chiriku aliketi kitandani.

"Baba, mbona leo kunachelewa kupambazuka?"

Jua lilikuwa limejaa chumba kizima. Lilikuwa usoni pake. Macho yake yalikuwa wazi, meusi, hayana hata nukta ya nuru, kama vifungo vya koti.

Mtaa wa pili aliishi fundi wa nguo ambaye watu walimwita Mama Sindano. Dawa zikishindwa, yeye ndiye aliyeitwa kusoma dua. Alikuja na utepe wa kupimia ungali shingoni. Akaketi kando ya mtoto, akamshika kipaji cha uso, akavuta hewa puani.

"Utambi," alisema kwa sauti ya chini. "Jini huyu ameingia kwa pumzi ya mtu. Nani alizima taa humu ndani?"

"Hakuna," Mwalimu alisema. "Ilikwisha mafuta."

*Fuu.*

Chiriku aliupeleka mkono wake mbele ya uso. "Bibi, mkono wangu umeondoka."

"Mwalimu." Mama Sindano hakupandisha sauti. "Mimi nasoma dua. Sisomi juu ya uongo. Nikisoma juu ya uongo, jini atajenga makao humu. Ukinyamaza mpaka jua lipinduke, mtoto huyu hataona tena."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Mwalimu alimtazama, akamtazama mtoto, akafumba macho, na maneno yakaanza kumtoka polepole, kisha yakashindwa kusimama: kwamba usiku ule kandili ilikuwa imejaa, kwamba alikuwa amechoka na mwanga ulimchoma macho, kwamba mkewe alimwambia tafadhali usizime na yeye akajibu lala tu mke wangu, akainuka akaipuliza, kwamba alimsikia akipapasa ukuta gizani na akajifanya amelala, na kwamba asubuhi, alipoona kilichotokea, kabla hajamwita mtu yeyote, aliyamwaga mafuta yote shimoni.

Mama mkwe hakupiga ukelele.

"Miezi minane," alisema. "Miezi minane nimemla mtoto huyu nyama, na wewe umekaa hapo unanipokeza chumvi."

Mama Sindano alifunika macho ya mtoto kwa kiganja akaanza kusoma. Alisoma bila haraka. Harufu ya utambi ilizidi mpaka wote wakakohoa, mbao za paa zikalia moja baada ya nyingine, kitu kikapita kati yao kwa baridi, na pazia, ingawa nje hapakuwa na upepo, likavutwa kuelekea dirishani, likashikiliwa huko, kisha likaachiwa. Aliondoa kiganja. Ndani ya macho ya Chiriku kulikuwa na nukta ya mwanga kama ncha ya sindano. Ikakua. Ikajaa.

"Alhamdulillahi," bibi alisema, akaketi sakafuni.

Chiriku hakumtazama bibi. Alimtazama baba yake.

"Nilijaza," alisema. "Nilijua nilijaza, mpaka juu."

"Ulijaza, mwanangu."

"Halafu nikasema labda nilisahau. Kwa sababu wewe ulisema."

Macho yale yalikuwa maangavu kuliko yalivyopata kuwa, na hayakupepesa. Mtoto alishuka kitandani, akampita, akaenda kukaa ubavuni mwa bibi yake, na kutoka pale akaendelea kumwangalia.

Ndipo harufu ya utambi ikamrudia puani, na sauti ikamwambia ndani ya kifua: *Afadhali asingeona.*

Aliomba toba papo hapo. Aliomba mara tatu. Mama Sindano, aliyekuwa akikunja utepe wake, aligeuka ghafla akamkazia macho, kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa kwa ndani.