Karibu Chuo cha Wapagazi

Siku waliyokutana, Mwanne alikuwa na hasira za siku tatu. Alisimama Soko Kuu la Tabora, katikati ya wauza asali na wauza dagaa, kifuko cha karanga mkononi, pindo la dira lake la njano limeshika vumbi, na kimoyomoyo akiilaani seva ya chuo cha uuguzi. Kazi yenyewe ilionekana nyepesi: aweke Linux, programu endeshi, kwenye mashine, juu yake aweke Moodle, ule mfumo wa bure ambao walimu hupandishia masomo na wanafunzi hufanyia mazoezi. Ukisimama vizuri, anaajiriwa. Sasa siku ya tatu mfumo unamjibu maneno yale yale: folda ya data haiandikiki.

Mkono wa mtu ukaingia kwenye kifuko chake, ukatoka na karanga tele.

"We kaka, una wazimu?"

"Usinitolee macho, mama. Nimekusikia ukipatana bei, Mnyamwezi kabisa wewe. Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Mtani akichukua haulizwi."

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, meno yote nje. Jina lake Majidi, tena kumbe mwalimu wa chuo kile kile. Mwanne alitaka kumporomoshea matusi, akajikuta anacheka. Utani wa makabila haya ni wa tangu misafara ya pembe za ndovu, mababu wa Unyamwezi walipokuwa wanapita Uzaramo na mizigo kwenda pwani. Mpaka leo mtani akikuudhi unameza mate, maisha yanaendelea. Ndiyo desturi, na wallahi ina kero zake.

Tangu hapo Majidi hakumwacha akae na njaa: kila alasiri alimletea chai na chapati kwenye chumba cha seva, ambacho zamani kilikuwa stoo ya magodoro.

"Nyie wapagazi kazi yenu kubeba. Mashine mtuachie sisi wa pwani."

"Mzaramo unajua nini zaidi ya kucheza ngoma na kuuza mashamba ya babu yako?"

Siku ya kumi Mwanne akagundua kosa, na lilikuwa lake mwenyewe. Folda aliitengeneza akiwa ameingia kama msimamizi mkuu wa mashine, kwa hiyo Moodle haikuwa na ruhusa hata ya kuchungulia ndani. Akaandika amri moja ya kubadili mwenye folda, mfumo ukafunguka. Siku kumi zote kwa mstari mmoja. Alitamani kulia.

"Nakupenda, mpagazi wangu," Majidi, birika la chai mkononi, akamwambia pale pale.

"Nenda zako, mtani."

Alisema hivyo, lakini moyo ulimwenda mbio. Shida ni kwamba mwanamume huyu hakuwahi kutamka neno bila mzaha, sasa utajuaje lipi la kweli? Mwanne alimpenda, na kutojua kulimchosha kuliko ile seva. Hata hivyo alimwamini kiasi cha kumpa neno la siri la msimamizi, apandishe masomo yake kabla ya uzinduzi.

Jumatatu asubuhi bodi nzima ilikaa ukumbini. Mkuu wa chuo, Mama Recheli, mama wa Kimoraviani asiye na masihara, alibonyeza kitufe mwenyewe. Ukutani yakatokea maandishi makubwa: KARIBU CHUO CHA WAPAGAZI.

Wajumbe wakaangua kicheko. Mama Recheli hakucheka.

"Binti, chuo changu umekifanya kichekesho?"

Mwanne aligeuka kumtazama Majidi. Alikuwa safu ya nyuma, ameinamisha kichwa, kimya. Mtani hashtakiwi, na neno la siri Mwanne alilitoa mwenyewe kwa mkono wake.

"Ni kosa langu, mama. Naomba radhi."

"Kabidhi funguo. Kazi yako imeishia hapa."

Majidi alimkimbilia hadi getini. "Mwanne, nilijua utaiona kwanza wewe, tucheke, uifute. Ulikuwa utani tu. Na mtani hakasirikiwi."

"Basi mimi leo nimekasirika. Kanishtaki kwa mababu."

Akapanda basi la kwenda kwao Goweko, akazuia namba ya Majidi kwenye simu. Wiki nzima alimsaidia baba yake, Mzee Mahona, kufunga majani ya tumbaku, na hasira haikupungua hata chembe. Aliudhika na Majidi, akaudhika zaidi kwamba alimkumbuka.

Alhamisi ya wiki iliyofuata mzee akamjia na simu yake mwenyewe, anacheka hadi anakohoa. "Kuna Mzaramo huku ananiita baba mkwe. Nimemwambia Mzaramo simpi hata ndama."

Mwanne akaipokea. "Unataka nini?"

"Nimekwenda kwa Mama Recheli. Nimemwambia aliyeandika ni mimi. Nimepewa barua ya onyo, na ukuu wa idara niliokuwa naungoja umeshakwenda kwa mwingine. Wewe unaitwa kazini Jumatatu."

"Siku ile mdomo ulikuwa wapi?"

"Niliogopa. Nataka kukuoa, Mwanne."

Mwanne akasubiri kicheko. Hakikuja. Bado hakuamini, alishaumwa mara moja.

"Nitanie," akasema.

"Nini?"

"Nitanie kidogo, nikusikie. Niite mpagazi."

Mwanne alimsikia akivuta pumzi, akianza neno, akiliacha, akianza jingine.

"Siwezi," Majidi akasema. "Mwanne, siwezi."

Mwanne akakaa chini juu ya rundo la tumbaku. Machozi yalimtoka, hakuyafuta, mikono ilikuwa michafu.

"Basi mtume mshenga. Baba atadhani ni utani, atamcheka na kumfukuza. Mwambie arudi. Akifukuzwa tena, arudi tena."