Tuzo ya Vibuyu Niliyomnyang'anya Mtoto wa Shangazi

Nina miaka thelathini na sita. Naishi Musoma mjini, nina mke na watoto wawili, na Jumapili nakaa benchi la nyuma kabisa kanisani ili nitoke kabla watu hawajaanza kusalimiana. Zamani nilikuwa nakaa mbele. Ndugu zangu mnaosoma, leo nawaeleza kwa nini nilihama.

Nimesomea mikrobiolojia, yaani elimu ya vile viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, bakteria na wenzake. Ukinikuta mtaani na miwani yangu utasema huyu ni mtu wa maana. Laiti ungejua!

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Shangazi, dada yake baba, akanichukua kwake Kiriba. Alikuwa anaanika dagaa na kulima mihogo, na kwa jasho hilo alitusomesha mimi na mtoto wake wa pekee, Nyangeta. Tulikula sahani moja. Nilimtangulia mwaka mmoja shuleni, mwaka mmoja chuoni, na aliposikia nasoma bakteria, naye akaja kusoma bakteria hao hao. Nilimtania kwamba angenifuata hata nikienda jela.

Tukapata kazi pamoja kwenye maabara moja ya utafiti hapa Musoma. Mimi nilipenda meza na kompyuta. Nyangeta alipenda watu. Asubuhi na mapema alishaondoka kwenda Bunda au Butiama na boksi lake la barafu begani.

Alikuwa na swali moja lililomsumbua. Kwa nini maziwa ya mgando ya nyumba hii hayamuumizi mtoto tumbo, na ya nyumba jirani yanamuumiza, wakati ng'ombe wanachungwa pamoja? Akaenda kukaa jikoni na kina mama wa Butiama, Bugwema na Kabasa, akaangalia wanavyosugua vibuyu vya maziwa na kuvifukiza moshi. Akapitisha pamba ndani ya kila kibuyu, akaja kuotesha bakteria kwenye sahani zetu ndogo za maabara. Akagundua kwamba kibuyu kilichofukizwa sawasawa kinabaki na bakteria wazuri ukutani mwake, wanaowazuia wale wabaya. Miaka mitatu ya kazi! Na mimi nilikuwa namcheka, namwita daktari wa vibuyu...

Sasa, kuna tuzo moja ya watafiti chipukizi wa mikrobiolojia. Anayeipata hulipiwa masomo ya uzamivu na jina lake linajulikana. Sharti lake kubwa ni kwamba usiwe umepitisha miaka minane tangu upate shahada ya kwanza. Ukipitisha hata siku moja, umefungiwa mlango. Mimi nilikuwa nimeomba mara mbili kwa utafiti wangu wa maji ya ziwa, nikakosa. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwangu. Nyangeta alibakiwa na mwaka mmoja zaidi yangu.

Mwezi wa kutuma maombi, Nyangeta alijifungua mtoto wa kiume, akawa yuko Kiriba kwa mama yake. Mtandao kule unakuja na kuondoka. Nilipokwenda kumwona mtoto, akanipa flashi.

"Kaka, nitumie hii. Nimemaliza kila kitu. Wewe ubonyeze tu, maana wewe ndo mtu wa kompyuta."

Nikaitia mfukoni. Kesho yake mchana nikaifungua kazini, nikaanza kusoma. Sikuinuka kwenye kiti mpaka nikamaliza. Ilikuwa kazi safi mno! Kila nilichokihangaikia miaka yote, yule niliyekuwa namcheka alikuwa nacho mkononi. Badala ya kufurahi, moyo wangu ulichafuka. Nikajiambia, huyu ana mwaka mwingine, mimi sina. Nikajiambia ni ndugu, atanielewa. Uongo gani mtu hajiambii akishaamua?

Nikafuta jina lake, nikaandika langu. Basi. Sentensi zake zote nikaziacha vile vile, hata ile iliyosema niliketi jikoni na kina mama. Nikabonyeza.

Nikampigia kwamba nimetuma. Akasema, "Mungu akubariki, kaka."

Nilishinda! Nyangeta nilimwambia kwamba maombi yake hayakupita, na kwamba mimi nimeshinda kwa utafiti wangu wa maji ya ziwa. Mnajua alifanya nini? Alilia kidogo, akafuta machozi, akacheka, akasema tuzo imeingia nyumbani, imetosha. Jumapili ya shukrani alikuja kanisani na mtoto mgongoni. Shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Walikuwa wameleta sato wakubwa kutoka Kiriba, na Nyangeta mwenyewe ndiye aliyewapika. Nikala... Nilikula yule samaki mbele yake, nikaomba na nyongeza!

Lakini hilo silo baya kuliko yote. Subirini.

Mwaka uliofuata, mwaka wake wa mwisho, Nyangeta alirudi kwangu na maombi yale yale aliyoyaboresha. Alikaa ofisini kwangu akaniuliza kama safari hii yanafaa. Ndugu zangu, Mungu alinipa nafasi pale! Ningefungua kinywa siku ile, ningeaibika mimi, naye angepata haki yake ndani ya muda. Nilijua tarehe. Nilijua akipitisha mwaka ule basi. Na nilijua pia kwamba wakiona maombi yake, watakumbuka yangu.

Nikamwambia bado hayajaiva. Nikamwambia aongeze vibuyu vingine, asubiri mwaka mmoja, na kwamba lile sharti la miaka minane huwa wanalilegeza kwa kina mama waliojifungua. Nililitunga hapo hapo! Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Nilikuwa kaka yake na mshindi wa tuzo. Akachukua boksi lake akarudi Bugwema kutafuta vibuyu zaidi... Muda wake wa kuomba ukapita.

Miezi michache baadaye watu wawili wa tuzo, mmoja wao mama wa makamo, walifika kuona kazi ilipofanyikia na kupiga picha. Nilisoma orodha ya kaya kwenye maandishi ya Nyangeta, nikachagua nyumba moja Butiama, ya bibi mmoja mzee mwenye ng'ombe wengi. Nikatanguliza sukari na kitenge, nikadhani nimemaliza.

Bibi alitupokea vizuri. Vibuyu vyake vilikuwa vimepangwa jikoni. Yule mama wa tuzo akaniomba nishike kimoja, nionyeshe nilivyokuwa nachukua sampuli. Nikanyoosha mkono.

"Acha!" Bibi alipiga kelele. "Kijana, umelelewa wapi wewe? Mwanaume hashikagi kibuyu cha maziwa humu ndani. Hata mume wangu marehemu hakuwahi kushika!"

Nikarudisha mkono. Mimi nimekulia kwenye dagaa Kiriba, mambo ya vibuyu vya watu nisingeyajua, kwa sababu jikoni kwa yule bibi sikuwahi kukanyaga. Nyangeta angejua. Bibi akawageukia wageni, akauliza kwa upole kabisa, bila kujua anachofanya.

"Kwani yule binti wangu yuko wapi? Yule alikuwa anakujaga asubuhi na tumbo lake kubwa, anakaa hapa hapa na mimi. Huyu simjui. Huyu namwona leo."

Yule mama wa tuzo alifungua karatasi zake, akasoma kwa sauti ile sentensi ya kuketi jikoni na kina mama. Kisha akaniangalia. Nilitamani ardhi inimeze! Nikakiri pale pale, mbele ya bibi na wajukuu wake.

Tuzo wakaichukua, masomo yakakatwa, na kazini nikafukuzwa. Hayo nilistahili. Niliwaandikia barua nikiwasihi wampe Nyangeta, nikaeleza kila kitu, hata ule uongo wa kuongeza vibuyu. Wakajibu kwamba wanatambua kazi ni yake, na jina lake wataliandika mahali pake. Lakini tuzo hawawezi. Alikuwa amepitisha miaka minane. Kwa siku sitini na moja!

Nilikwenda Kiriba na ile barua mkononi. Nyangeta aliisoma akiwa amesimama. Hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu.

"Ile siku nimekaa ofisini kwako, tarehe ulikuwa unaijua?"

Nikasema niliijua. Akanirudishia barua, akambeba mwanawe, akaingia ndani. Mpaka leo hajaniita kaka tena. Aliacha maabara, sasa anafundisha sekondari huko Bunda.

Shangazi alitoka jikoni. Nilipiga magoti mbele yake nikilia. Yule mama aliyenilea, aliyenipakulia kwenye sahani ya mwanawe, aliniangalia kama mtu anayetafuta jina la mtu. Halafu akaita ndani kwa sauti ya kawaida tu.

"Mleteeni mgeni kiti."

Mgeni! Kwenye nyumba niliyolelewa! Nimepokea barua ya kufukuzwa kazi, nimenyooshewa vidole kanisani, lakini hakuna kilichoniumiza kama kiti kile. Nilikikalia, maana ningefanya nini? Nikanywa maji niliyopewa, nikashukuru, nikaondoka kama wageni wanavyoondoka.

Wenzangu, wapo watakaosema angalau nilikiri. Hapana! Nilikiri baada ya kukamatwa, na nilirudisha kitu ambacho hakikumfaa tena mwenyewe. Ule mwaka mmoja ndio ulikuwa tuzo yake. Nani ataurudisha?

Nawaomba, na hasa ninyi wasomi vijana mnaoaminiwa na ndugu zenu. Kama sasa hivi umeshika kazi ya mwenzako, jina lake au nafasi yake, usisubiri upate namna nzuri ya kusema. Funga huu ukurasa, mpigie. Mwambie leo, angali anaweza kunufaika.