Hatua Mbili za Barafu

Ilikuwa Februari ya mwaka 1659, na jeshi la Waswidi lilikuwa limeuzingira mji wa Kopenhageni tangu kiangazi. Karibu nchi yote ya Denmaki ilikuwa imeshatekwa; mji huo ulikuwa umekataa kupiga magoti. Kisha baridi kali ikashuka, na handaki la maji lililozunguka ukuta likaganda, likawa njia ya adui.

Maren Jepsdatter, mjane wa seremala aliyeuawa na kombora la mzinga, alishuka barafuni kila siku pamoja na wanawake thelathini, misumeno mabegani, sketi zao za sufu zimekakamaa kwa baridi. Waliikata barafu wakaivuta kwa kulabu, mpaka maji meusi yakaonekana. Kesho yake walikuta yameganda tena.

Siku ya tisa Kapteni Brask, mkuu wa lindo la upande ule, akapaza sauti kutoka ukutani.

"Upana wa hatua nne watosha, Bibi Maren! Wenzako wanaanguka kwa njaa. Pandeni!"

"Bwana Kapteni, watakuja na madaraja ya mbao. Nimeishi na seremala miaka kumi na tisa. Daraja la hatua nne hubebwa na watu sita, tena wakikimbia."

"Nimetoa amri!"

"Nimeisikia. Shuka basi unitoe huku kwa mkono wako."

Hakushuka. Wanawake wakatazamana, wakacheka kwa mara ya kwanza mwaka ule, wakakata hatua mbili zaidi.

Siku mbili baadaye, kabla ya mapambazuko, Waswidi wakaja, wamevaa mashati meupe juu ya deraya zao za chuma wasionekane thelujini. Mizinga ikanguruma. Maren, akiwa ukutani na ndoo ya lami inayochemka, aliwaona wakilisukuma daraja lao. Likaishia majini, halikugusa ukingo wa pili. Wa nyuma wakawasukuma wa mbele, na maji yakawameza. Wachache waliliruka pengo lile wakasimamisha ngazi ukutani. Akawamiminia lami.

Kulipokucha, adui alikuwa amerudi nyuma. Maren aliwatazama vijana waliolala thelujini, akalia bila kujificha.

Kapteni Brask akamjia, bega limefungwa kitambaa chenye damu.

"Naandika taarifa kwa mfalme. Nitaje jina lako?"

"Andika kwamba hawakuingia."

Ndivyo alivyoandika. Karatasi ile haikusema ni nani aliyeikata barafu.