Kisigino cha Beldina

Kila asubuhi kabla ya shule, Beldina alimsaidia mama yake kukaanga mgongo wazi, mifupa ya samaki aitwaye mbuta iliyokwisha kutolewa minofu, pale mtaani Obunga. Minofu ya mbuta ilipandishwa ndege kwenda Ulaya. Obunga ililetewa mifupa, tena kwa kuuziwa. Lakini asubuhi hiyo macho ya Beldina hayakuwa kwenye karai. Yalimfuata Metrine, mtoto wa jirani, aliyekuwa akifanya mazoezi ya mbio barabarani.

"Anakimbia kama bata," alisema.

"Bata huyo ndiye anaenda Nakuru. Geuza samaki!" mama yake, Dorca, alimjibu.

Maneno hayo yalimchoma. Nafasi hiyo ya kwenda kushindana mbio Nakuru ilikuwa yake, hadi bati lililoachwa njiani na mwenye nyumba lilipomkata kano ya kisigino, ule ukambaa unaounganisha msuli na mfupa. Kano ilishonwa, na Mwalimu Wakhisi, aliyewafundisha mbio shuleni, akamchagua Metrine. Hata hivyo aliahidi kwamba daktari akimruhusu Beldina, nafasi yake atarudishiwa. Basi Beldina akaanza kukimbia kwa siri. Kisigino kikavimba, naye akakificha ndani ya soksi ndefu.

Siku ya kuonana na Daktari Walubengo ilipofika, Beldina alivua kiatu tu, soksi akaiacha.

"Inauma?"

"Hata kidogo."

"Umekimbia?"

"Hapana, daktari."

"Kovu lilishafunga vizuri," Dorca alisema kwa furaha.

"Ngozi hufunga mapema, mama. Ndani ni kwingine." Daktari huyo alikuwa akichunguza jinsi kano za sungura zinavyopona, kwa hiyo akamwita Beldina kwenye hadubini. "Hii ni kano nzima ya sungura. Nimeuchuja mwanga kwa vioo viwili. Nyuzi zilizojipanga vizuri hung'aa."

Beldina aliona nyuzi za dhahabu zimelala sambamba kama nywele zilizochanwa. Hata ndani ya miguu, aliwaza kwa uchungu, Metrine anang'aa!

Daktari akaweka kano nyingine. "Sungura huyu ana muda kama wako tangu aumie."

Safari hii palikuwa na giza, na vijinyuzi vichache vilivyovurugika kama wavu uliotupwa chini.

"Huyu akikimbia?"

"Kano inakatika. Na ikikatika tena, huenda asikimbie maisha yake yote."

Beldina aliinama. Kisha, taratibu, akaivua soksi.

"Nilidanganya. Nimekuwa nikikimbia. Sikutaka Metrine aende."

Daktari aliugusa uvimbe, akapumua. "Bado haijakatika. Ukipumzika na kufuata mazoezi nitakayokupa, mwakani utakimbia."

Njiani Dorca alikuwa amefura kwa hasira. "Nyathina, mwanangu, nisikilize. Tuliolalamikia bati lile ni wengi, na mwenye nyumba akatucheka. Hilo sisahau! Mkasirikie yeye, nami nitakasirika pamoja nawe. Metrine amekunyima nini?"

"Hakuna. Lakini bado namwonea wivu, Mama."

"Mwonee. Wivu utaisha. Lakini ule uongo, mwanangu, ungekufanya kiwete. Sasa twende kwa Mwalimu Wakhisi, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe nani anaenda Nakuru."