Masikio ya Shitanda

Mpasua mwamba hasikii. Anayesimama nyuma yake ndiye masikio yake. Mwamba ukilia, humgusa bega, nao hukimbia pamoja. Sheria hiyo kila mchimba dhahabu wa kando ya ziwa aliijua. Majambazi waliijua pia.

Saa mbili asubuhi. Katika chumba cha nyuma huko Migosi, Nicodemus, mkuu wa genge, alichora kwa chaki sakafuni. Chumba cha dhahabu cha kampuni ya mgodi kilikaa juu ya handaki la kale. Shitanda, ambaye miaka ishirini ya mashine ya kutobolea ilimwacha kiziwi, alikuwa amekwisha kutoboa safu ya matundu katika dari ya handaki hilo. Zilibaki kabari.

“Krasha ikianza kusaga mawe, pigeni,” alisema Nicodemus. “Walinzi hawatasikia kitu.”

Shitanda aliitazama midomo yake, akacheka. “Hata mimi, Mzee.”

Alipotoka kuchukua nyundo, Nicodemus alimshika mkono Opondo, kijana aliyekuwa masikio ya Shitanda.

“Polisi wakiona mkato ule watauliza swali moja: nani hupasua jiwe hivi? Ni mmoja tu ziwa zima. Na akipigwa, atatutaja.”

“Mzee, huyu ndiye aliyenifundisha kazi.”

“Basi usimwue. Usimguse bega tu.”

Saa tano na nusu. Juu ya handaki, krasha ilinguruma. Shitanda alipigilia kabari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Opondo alisimama nyuma yake, mkono wazi karibu na bega.

“Omera, ndugu yangu, jiwe linasemaje?” aliuliza Shitanda bila kugeuka.

Saa sita kasoro dakika kumi. Mwamba ulilia, mlio mkavu kama wa mfupa uvunjikao. Opondo aliusikia. Akaushusha mkono, akarudi nyuma hatua tatu.

Bamba la jiwe lilianguka pamoja na sanduku la chuma la dhahabu. Likaisaga miguu ya Shitanda hadi magotini. Alipiga yowe moja, kisha akamtazama mwanafunzi wake.

“Ulisikia.”

Opondo alimkanyaga kifua ili alifikie sanduku. Vidole vya mpasua mwamba vikamfunga kifundo cha mguu.

Dari ikalia tena.

“Niachie! Inashuka! Shitanda, niachie!”

Akampiga kwa tindo mkononi, kisha usoni. Meno yalimwagika. Vidole havikufunguka.

“Ongeza sauti, Bwana,” alisema Shitanda.

Jiwe la pili likashuka.